Kila Kitu Kiko Mara Mbili

Mkomani, Amu
12 Mei 2024

Mwanangu Fawaz,

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta na afya yako katika nti ya watu. Sisi hatujambo, ila babako goti limemrudia na hataki kusikia habari ya daktari, anajipaka mafuta ya karafuu na kulalamika. Mvua imeanza. Dari ya chumba cha juu inavuja pale pale ulipoziba. Sundus wangu amepata kazi ya kufundisha Mokowe, kila asubuhi anavuka na kila jioni anarudi na njaa. Mamake Amal ananiuliza kila tukikutana kama mchumba wa bintiye amepata tarehe ya likizo. Namjibu utapata.

Najua utacheka kuona nakuandikia karatasi na simu iko. Sundus anasema nikutumie sauti. Wewe wanijua. Sauti nikiitia simuni sijui itasikizwa na nani wala itapelekwa wapi. Mtu aliyekaa miaka thelathini akilinda sauti za wenziwe hawezi kuiachia yake ovyo. Barua hii ataichukua Husseini wa duka la vitambaa, anapanda ndege Manda Jumanne kuja kumtazama mwanawe huko Doha.

Sasa neno langu. Kanda zangu mia mbili na kumi na mbili, za harusi na maulidi ya wanawake tangu nikiwa msichana, zimeshika ukungu. Sundus amekaa mwaka mzima akizinakili kwenye kompyuta, na wewe Ramadhani hii umezitia zote katika kile kisanduku chako chenye diski mbili. Nakushukuru, na zaidi nakushukuru kwa adabu yako. Kila Sundus alipojaribu sauti ulitoka ukakaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni. Wanawake wale walikubali kurekodiwa kwa sharti moja, asiwasikie mwanamume asiyekuwa wao, na wewe umeliheshimu sharti hilo bila kuambiwa mara mbili.

Bi Ruba, mkubwa wetu katika waimbaji waliobaki, amenitumia neno. "Hindu, maadamu zimeingia mashineni, kanda zichome. Ukifa wewe zitaokotwa na nani?" Nimeona ana haki. Lakini naogopa. Nakumbuka ulinambia umesimama na kikombe cha kahawa mkononi, "Shangazi, kila kitu kiko mara mbili. Diski moja ikifa, ya pili inayo." Neno hilo nataka uniandikie. Nikiliona kwa mkono wako nitazichoma.

Shangazi yako,
Hindu


Doha
9 Juni 2024

Kwa shangazi yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Nakubusu mkono wako na wa baba. Mwambie aende hospitali, na kama hataki mwambie nimesema mimi, atakasirika lakini atakwenda. Husseini nilimpokea, barua ilifika imejikunja na ina harufu ya udi wa dukani kwake. Niliisoma mara tatu.

Huku joto limeshika. Kazini tumeongezewa zamu. Nilikueleza kazi yangu, nalinda mashine zinazotunza kumbukumbu za watu wengine, chumba kizima cha mashine, baridi mpaka navaa sweta nje kukiwa kama tanuri. Msimamizi mpya ni mkali. Anakagua kila diski na kila nakala, na aliyekosea anaondoka siku hiyo hiyo.

Kuhusu kanda, usiwe na wasiwasi. Zimo zote, nilizihesabu mwenyewe, faili mia mbili na kumi na mbili. Kisanduku ni kizima. Ungeweza kungoja mpaka Desemba nije ningefurahi, kuna marekebisho madogo nataka kufanya. Lakini kama Bi Ruba amekazana, wewe ndiwe mwenye amana, fanya uonavyo.

Nimetuma kanzu mbili za baba na manukato ya Sundus. Msalimie Amal, au mwambie Sundus amsalimie.

Mwanao,
Fawaz


Mkomani, Amu
20 Julai 2024

Mwanangu Fawaz,

Assalamu aleikum. Kanzu zimefika, moja ni ndefu, nimeipunguza. Babako amekwenda hospitali kwa jina lako na amerudi na dawa asizozimeza. Amal amekuja kututazama, msichana mzuri, ameosha vyombo bila kuombwa. Harusi tunaiweka mfungo tatu, mwezi wa Hija, mwakani, Mungu akipenda.

Nimezichoma. Lile neno hukuliandika, nililitafuta kila mahali katika barua yako. Lakini uliandika "usiwe na wasiwasi", nikaona ni yale yale, na nilijua una kazi nyingi. Alhamisi alasiri nilitia kanda katika debe uani, Bi Ruba amekaa kitini akizisoma majina moja moja kabla hazijaingia motoni. Harusi ya Mwana Siti. Maulidi ya nyumba ya juu. Harusi ya pacha. Alizikumbuka zote, hata aliyegombana na aliyekuja na viatu vipya. Moshi ulikuwa mbaya, mweusi, jirani akachungulia. Ilipokwisha Bi Ruba akasema sasa tumo mikononi mwa mtoto wako. Nikamwambia ni mikono mizuri.

Kuna jambo jingine, lakini silisemi lote sasa. Kanda moja katika zile ni yako. Nimeiweka miaka yote hii na utapewa siku ya harusi yako. Usiniulize. Na usiingie kuitafuta, hutaijua kwa jina.

Shangazi yako,
Hindu


Doha
25 Agosti 2024

Shangazi,

Salamu nyingi. Niko salama. Barua yako nimeipata juzi.

Sikufikiri ungezichoma upesi hivyo. Si kitu. Nimenunua diski mbili mpya, kubwa, na nitakuja nazo Desemba. Mpaka wakati huo naomba kisanduku kisiguswe, kisihamishwe, na mwambie Sundus anunue ile betri ya kukishikilia stima inapokatika. Nimemtumia fedha. Naomba sana kuhusu betri.

Baba hajambo? Amal hajambo? Niandikie.

Fawaz


Mkomani, Amu
3 Novemba 2024

Mwanangu,

Assalamu aleikum. Nyumbani wote wazima. Babako anakuulizia, anasema barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno.

Sundus amekupigia kwa hiyo unajua. Jumamosi ile stima ilikatika mara tano, na ile betri ilikuwa ingali njiani, imekwama Mokowe kwa siku nane kwa sababu aliyepewa kuivusha aliisahau ghalani. Ilipofika jioni taa ya kisanduku ikawa nyekundu na kikaanza kugonga ndani, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa. Sundus alikizima kama ulivyomwambia.

Ukamwambia akapeleke diski kwa fundi Mombasa, Rufus. Sundus alizungumza naye. Ni mtu mstaarabu, sina neno naye. Lakini anasema hawezi kujua kama amefaulu mpaka afungue na asikize. Nikamwuliza Sundus, asikize nini? Akasema, sauti, mama. Basi nimekataa. Bi Ruba ana miaka themanini na miwili na aliimba mbele yangu akiwa kichwa wazi, kwa kuniamini. Siwezi kumtia mezani kwa Rufus.

Baada ya kukataa nilikaa nikafikiri, na kuna kitu sikielewi. Kama diski moja imekufa, ya pili si inayo? Ulinambia kila kitu kiko mara mbili. Kwa nini basi tunamtafuta Rufus? Nilimwuliza Sundus. Akainama, akasema, "Muulize Fawaz."

Basi nakuuliza.

Hindu


Doha
21 Novemba 2024

Shangazi yangu,

Baada ya salamu na kuwaombea afya nyote, nitakujibu, na naomba uisome barua hii peke yako.

Haviko mara mbili. Havikuwa mara mbili hata siku moja.

Kisanduku chenye diski mbili mtu hukichagulia namna ya kukaa. Namna ya kwanza, kila linaloandikwa huku linaandikwa na kule. Moja ikifa nyingine inabaki na kila kitu, lakini nafasi unayopata ni ya diski moja tu. Namna ya pili, diski zote mbili zinafanywa chumba kimoja kikubwa. Kila faili linakatwa vipande vyembamba, kipande huku, kinachofuata kule, mpaka mwisho. Nafasi ni maradufu. Moja ikifa, zimekufa zote mbili, kwa sababu iliyobaki imeshika nusu nusu tu.

Siku ya kwanza nilichagua ile ya kwanza, kama nilivyokwambia. Sikukudanganya siku ile ya kahawa. Siku mbili baadaye nikataka kutia vitu vyangu. Nilikuwa na mechi za mpira na filamu nilizokusanya tangu chuo, nyingi, nikitaka ziwe nyumbani nizitazame nikija likizo. Hazikutosha. Kanda zako zote zilikuwa hazijashika hata robo ya diski moja, shangazi. Zilikuwa ndogo. Vilivyojaza ni vyangu. Basi nikafuta, nikachagua namna ya pili, nikazirudisha kanda kutoka kompyuta ya Sundus, kisha nikazifuta huko kwake ili kompyuta yake ipumue.

Kisanduku kilinionya. Kiliandika kwa maneno wazi kwamba diski moja ikiharibika vyote vitapotea, kikaniuliza kama nakubali. Nikabonyeza ndiyo. Ilikuwa kabla ya futari, nilikuwa na haraka.

Hii ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya. Mtu akifanya hivi hapa, mimi ndiye ninayeandika jina lake kwa msimamizi.

Ulipoomba niliandike lile neno, nilikaa na kalamu usiku kucha. Nilijua. Ningeweza kuandika "usichome". Ni neno moja. Niliona aibu na nikajiambia mpaka Desemba nitakuwa nimerekebisha na hutajua. Sasa likizo ya Desemba imefutwa, na hata isingefutwa ningekuja kurekebisha nini.

Sikuzisikia kanda zile hata moja. Ulinisifu kwa hilo. Labda ningesikia hata sauti ya mtu mmoja ningeogopa. Kwangu zilikuwa majina ya faili.

Sijui niombe msamaha vipi.

Fawaz


Mkomani, Amu
19 Januari 2025

Fawaz,

Assalamu aleikum. Babako mzima. Amal mzima. Mvua hakuna.

Nimekaa wiki sita bila kukuletea barua, kwa sababu kila nilipoishika iliandika maneno ambayo shangazi hamwandikii mtoto aliyemlea. Nimekasirika. Nimekasirika mpaka mato yameniuma kwa machozi. Si kwa mashine, mashine zinakufa. Ni kwa sababu nilikuuliza nikiwa na kanda mkononi, zote, nzima, na wewe ukaniandikia habari ya sweta.

Sasa sikiza mambo yalivyokwenda. Sundus hakukata tamaa. Alitafuta mpaka akampata fundi mwanamke Nairobi, Valary, akapanda basi Mokowe na diski zote mbili amezifunga kwa kanga ndani ya sufuria. Alikaa kwake siku nne. Valary si wa dini yetu lakini alipoelezwa sharti alifunga mlango na kuwatoa wanaume wote ofisini. Diski iliyogonga imekwaruzika, haina kitu. Iliyobaki ameisoma yote. Ni kama ulivyosema, nusu nusu. Sauti ipo chini ya nusu sekunde, kisha haipo, kisha ipo. Hivyo mpaka mwisho wa kanda, kanda zote mia mbili na kumi na mbili. Sundus aliporudi tulikaa tukasikiza. Pembe za wimbo wa harusi zinagongwa, zinakatika. Huwezi kushika neno zima.

Nilikwambia moja ni yako. Ni ya harusi ya binti mdogo wa Bi Ruba, mwaka wa tisini na tatu. Anayeongoza wimbo ni Alawiya, mamako. Wewe ulikuwa tumboni. Aliimba dakika ishirini na mbili, na katikati akasimama akacheka, akasema mtoto ananipiga teke, huyu hapendi wimbo huu. Wanawake wote wakacheka. Alikufa hujatimiza miaka miwili na hakuna sauti yake nyingine popote, hakuwa mtu wa kurekodiwa. Mwana ana haki ya kusikia sauti ya mamake, hilo halina mjadala, lakini nilisema nitakupa siku ukiwa na nyumba yako, uisikize na mkeo. Nilitaka iwe zawadi. Laiti ningekupa ukiwa na miaka kumi. Hilo ni kosa langu na nalibeba.

Pale alipocheka, kicheko kimebaki kidogo. Maneno ya teke hayapo.

Wanawake nimewaambia kwamba ni mimi niliyeharibu. Nimesema nilizima vibaya. Juma lililopita nilikwenda harusini, nikakaa mahali pangu pa siku zote. Bi Ruba akasimamisha wimbo, akanambia kwa upole nitoe nje mkoba wangu, ule wa kinasa sauti. Ndani ya mkoba mlikuwa na miwani na tasbihi.

Hindu


Doha
2 Februari 2025

Shangazi yangu,

Salamu kwenu nyote.

Usiseme tena kwamba ni wewe. Nimeomba ruhusa ya siku tisa bila malipo, nafika kabla ya mwezi wa Ramadhani. Nataka niwaambie mwenyewe. Sijui inafanyika vipi mwanamume kusema na wanawake wale, nipangie wewe. Nitasimama popote utakaponiambia nisimame.

Halafu, kama utaniruhusu, nisikie hicho kicheko.

Fawaz


Mkomani, Amu
16 Machi 2025

Mwanangu Fawaz,

Assalamu aleikum, na saumu njema. Babako anafunga ingawa daktari amemkataza, na sambusa anazila kuliko sisi. Natumai ulifika salama na msimamizi wako hakukufukuza.

Uliondoka asubuhi ya pili baada ya kusema na wanawake na hatukuwahi kuzungumza. Kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea ndani.

Walikuja wanawake kumi na tisa. Nilitundika pazia zito mlangoni, lile la nyumba ya mamangu, na wewe ukasimama dakani kama tulivyopatana. Ulisema vizuri. Ulisema diski, ulisema mechi, ulisema "Shangazi yangu hakuharibu kitu, nilimdanganya kwa kunyamaza." Hukujitetea. Nilikuwa nikitazama nyuso zao wewe usizoziona. Wengine walilia. Mwana Siti alikuwa akihesabu shanga haraka haraka. Ulipomaliza ulingoja kidogo, kisha nikasikia viatu vyako vikishuka ngazi. Nilitaka kukuita. Sikukuita, kwa sababu ile haikuwa nyumba yangu peke yangu kwa wakati ule, ilikuwa yao.

Wakanywa kahawa. Hawakuzungumza habari yako. Walipoanza kuondoka Bi Ruba akanishika mkono, akasema mkoba wangu niingie nao harusini, na kinasa sauti kama bado ninacho. Nikamwambia ninacho. Akasema, "Lakini mimi sina sauti tena, Hindu. Umechelewa."

Kisha alipofika mlangoni, ameshika pazia, akageuka. Anasema kuna kitu amekiwaza tangu ulipoanza kusema. Anasema, ule mpira ambao sisi tulinyimwa nafasi kwa ajili yake, nani alishinda?

Hakuuliza kwa kejeli, namjua. Alitaka kujua. Nikamwambia sijui, nitamwuliza. Nimeahidi, kwa hiyo niandikie.

Usiku ule uliokaa na Sundus ukasikiza kile kipande nilikuwa macho chumbani juu. Nilisikia ukikirudia. Nilihesabu mpaka mara thelathini nikalala.

Shangazi yako,
Hindu


Doha
6 Aprili 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Idi njema kwako, kwa baba, kwa Sundus, na kwa wote wa nyumbani. Kazi bado ninayo. Amal ameniandikia kwa mara ya kwanza kwa mkono wake, nadhani ni wewe uliyemfundisha. Anauliza tutafanya nini siku ya harusi mahali pa zawadi yako. Nimemwambia tutakaa tusikize kicheko.

Kuhusu swali la Bi Ruba, nimekaa nalo tangu barua yako ifike. Nilitaka nimpe jibu la kweli. Nilijaribu kukumbuka hata mechi moja, nani alicheza, nani alifunga. Mwambie namwomba radhi tena. Sijui nani alishinda. Tangu nilipozitia mle ndani sikufungua hata moja.

Mwanao,
Fawaz